Kuchoma DVD ya Linux Mint kwa ImgBurn: uzoefu wangu

Laptopu yenyewe ni ya zamani, Core 2 Duo yenye RAM ya GB 2, na matundu yake ya USB yamelegea kiasi kwamba flashi ikiguswa kidogo tu inakata. Kusakinisha mfumo kwa flashi katika hali hiyo ni kujitafutia presha. Ila sehemu ya DVD ilikuwa nzima, kwa hiyo nikarudi kwenye diski.

Nilichagua Linux Mint, mfumo wa kuendesha kompyuta wa bure, toleo la Xfce (Xfce ni aina ya mwonekano wa skrini). Ni jepesi kwa mashine dhaifu, na faili lake la ISO, yaani nakala nzima ya diski ndani ya faili moja, ni karibu GB 3, kwa hiyo linaingia vizuri kwenye DVD ya kawaida ya GB 4.7. Ubuntu 24.04, mfumo mwingine wa Linux, haiwezekani: ISO yake imevuka GB 5, inataka DVD za tabaka mbili, na hizo uzitafute kwa tochi.

Kabla ya kuchoma, hakiki faili ulilopakua. Bando letu hili la kukatika-katika linaweza kukuachia faili lenye kasoro na usijue. Kwenye Windows unafungua dirisha la amri, unaandika certutil -hashfile, jina la faili, kisha SHA256, na unapata mfuatano mrefu wa herufi na tarakimu, kama alama ya kidole ya faili, unaoulinganisha na ule uliowekwa kwenye tovuti ya Mint. Herufi moja ikitofautiana, pakua upya. Usihurumie bando.

Sasa ImgBurn, programu ya Windows ya kuchoma diski. Toleo lake la mwisho, 2.5.8.0, ni la mwaka 2013, na sura yake haifichi umri. Lakini kazi inaifanya. Unachagua kuandika taswira kwenye diski, unaionyesha ISO, unaweka DVD tupu, basi. Wengi huliburuta faili la ISO na kulichoma kama vile wanachoma nyimbo. Diski ya namna hiyo haiwashi kompyuta hata uibembeleze vipi. Ukitaka kujua kama yako imekaa sawa, ifungue: ukiona folda kama casper na boot, umepata. Ukiona faili moja tu lenye .iso mwishoni, hiyo DVD umeitupa.

Mwendo wa kuchoma niliushusha hadi 4x, yaani mara nne ya mwendo wa msingi wa DVD. DVD za bei rahisi zinatangaza 16x kwenye boksi, lakini ukizikimbiza hivyo unajiongezea uwezekano wa makosa, na kwa 4x GB 3 zinaisha kwa takribani dakika 10. Kinachonifanya niipende ImgBurn kuliko kichomaji cha Windows ni uhakiki wake: ikimaliza inaisoma diski yote upya na kuilinganisha na faili. Muda unaongezeka, sawa, ila unakwenda kwenye usakinishaji ukiwa na imani na ulichoshika.

Kuwasha kwa DVD kulikuwa rahisi. Kwangu kitufe cha kuchagua DVD kilikuwa F12, unakibonyeza mara tu mashine inapowaka. Kwenye HP nyingi ni F9. Baada ya hapo ndipo uvumilivu unapohitajika. Mint inakuruhusu kuijaribu kabla ya kusakinisha, lakini ikisomwa moja kwa moja kutoka DVD kila programu unayoifungua inakuachia nafasi ya kwenda kuchemsha chai, huku diski ikivuma. Msihukumu mfumo kwa hicho kipindi. Ukishausakinisha kwenye diski ya ndani ya kompyuta (hard disk) mambo yanakuwa mengine kabisa.

Kwa mwenye USB nzima, flashi ni bora: inasoma haraka na unaifuta ukaitumia tena. DVD naipendekeza kwa mashine kama hii yangu. Na ukimaliza usiitupe. Wi-Fi yangu, yenye chipu ya kampuni ya Broadcom, haikufanya kazi mwanzoni, na bila Wi-Fi sikuwa na pa kupakulia draiva, yaani programu ya kuiendesha chipu hiyo. Kidhibiti cha draiva cha Mint kiliichukua kutoka kwenye ileile DVD, nikawasha upya, mitandao ya majirani ikajipanga kwenye orodha.