JSTOR kwa anayetafuta utafiti mpya: nzuri, lakini si peke yake

Mimi husoma historia ya wafanyakazi wa bandarini, basi JSTOR, maktaba ya mtandaoni ya majarida ya kitaaluma, naifungua karibu kila jioni. Ilianzishwa 1995 kwa wazo la William Bowen wa taasisi ya Mellon, aliyetaka kuzipunguzia maktaba mzigo wa majarida ya zamani yaliyojaza rafu. Asili hiyo bado inaonekana: kwa makala za zamani haina mpinzani. Jarida limeskaniwa toka toleo la kwanza, mpaka matangazo ya kurasa za nyuma (ambayo, nikiri, mara nyingine hunivutia kuliko makala yenyewe).

Ukitaka utafiti wa juzijuzi, punguza matarajio. Majarida mengi huchelewesha matoleo yake mapya, kwa kawaida miaka 3 hadi 5, kabla hayajaingia humo. Kwa historia si neno. Kwa mtu wa sosholojia anayefuatilia mjadala wa kazi za mitandaoni, miaka mitano ni mingi mno. Huyo aanzie DOAJ, orodha ya majarida ya wazi iliyoanzishwa 2003, ambako kusoma ni bure.

Akaunti ya bure inakupa makala 100 kwa kila siku 30, za kusoma kwenye skrini tu bila kupakua. Kwangu zinatosha na kubaki. Kutafuta ni kwepesi, ila chuja kwa mwaka na taaluma mapema, la sivyo utazama kwenye mapitio ya vitabu.

Nyota nne.