Kihispania cha kuanzia ukiwa Kigoma: uzoefu wangu na kozi ya A1

Kozi yenyewe ni ya mtandaoni, ya A1, yaani ngazi ya kwanza kabisa ya kujifunza lugha, na ni nzuri. Sauti zimerekodiwa vizuri, walimu wanaijua kazi yao, na ukiifuata hadi mwisho utaweza kujitambulisha, kuuliza bei, kuagiza chakula na kuandika ujumbe mfupi kwa Kihispania. Tatizo ni kwamba imetungwa kwa ajili ya mtu anayefikiri kwa Kiingereza. Ukiwa Mwanga au Ujiji, ambako Kiswahili ndicho cha kutwa kucha, itakukalisha kwenye masomo mazima ya vitu unavyovijua tayari, halafu itapita mbio palepale tunapokwama. Jina lake naliacha, maana kozi nyingi za mtandaoni zina kasoro hiyohiyo. Ukijua pa kuruka na pa kukaa, yoyote utakayoilipia itakufaa.

Tuanze na pa kuruka. Masomo ya mwanzo yanahusu irabu, na mwenzako wa London anahangaika nayo wiki nzima. Kihispania kina irabu tano, a e i o u, na zinatamkwa kama zetu, kila herufi sauti yake. Ñ ni ny ya nyanya. H haitamkwi kabisa, kwa hiyo hola ni "ola". J inakaribia kh ya kheri, na g nayo hivyohivyo ikifuatwa na e au i. Z, pamoja na c iliyo mbele ya e au i, sehemu kubwa ya Hispania huitamka th ya thelathini, na Amerika ya Kilatini huitamka s. Chagua upande mmoja ubaki nao. B na v ni sauti moja, usijisumbue kuzitenganisha.

Pa kukaa ni r, na hapa kozi inakupa dakika chache tu. Pero ni "lakini", perro ni "mbwa", pelo ni "nywele". Kwa sisi ambao l na r huwa zinabadilishana viti katika mazungumzo ya kawaida, maneno haya matatu ni mtihani. Ile mashine ya kupima matamshi iliyomo kwenye programu ni mpole mno, ukisema pelo inakuwekea alama ya kijani kana kwamba umesema pero. Usiitegemee. Jirekodi kwenye simu ukiyasema matatu hayo kwa mpangilio wa kuruka ruka, kisha mpe mtu mwingine asikilize na kuandika alichosikia. Karatasi yake ikilingana na yako, endelea. Isipolingana, rudia r moja kwanza (ulimi unagusa mara moja tu, kama kwenye "karibu"), ndipo uende kwenye rr, ambayo ulimi unatetema mara kadhaa kwa pumzi moja.

Jambo la pili ambalo kozi hailigusi ni konsonanti za mwishoni. Sisi neno likiishia na konsonanti tunalivalisha irabu: hoteli, benki, basi. Kihispania kina hotel, ciudad, español, señor, na pale mwishoni ndipo jinsia ya neno na nafsi ya kitenzi zinapokaa. Señor ni bwana, señora ni mama. Irabu ya kujiongezea mahali hapo inamchanganya msikilizaji kuliko kosa lolote la sarufi. Vivyo hivyo kwenye tres na escribir, usipenyeze irabu katikati.

Kuhusu mkazo, neno likiishia na irabu, n au s, mkazo uko silabi ya pili kutoka mwisho, sawa na Kiswahili. Likiishia na konsonanti nyingine, mkazo uko silabi ya mwisho. Ukiona alama juu ya irabu, fuata alama. Hablo ni "nazungumza", habló ni "alizungumza". Alama hizi si mapambo, na kile kiwimbi juu ya n ndicho kabisa: tengo veinte años ni "nina miaka ishirini", lakini ukiandika anos bila kiwimbi umeshataja sehemu za siri za nyuma. Kwenye simu bonyeza n bila kuachia, ñ itatokea. Fanya hivyo hivyo kwa irabu, na kwa alama ya kuuliza ili upate ile iliyopinduliwa, ¿, inayoanzia swali. Kwenye kompyuta ya Windows shikilia Alt uandike 164 kwa tarakimu za pembeni. Zoezi la kuandika likikosa alama hizi, kozi inalikataa bila kukueleza sababu, na wengi hudhani wamekosea neno.

Sarufi ndiyo sehemu inayoniudhi zaidi, kwa sababu Kiswahili kingetufupishia njia sana. Nazungumza, unazungumza, anazungumza, tunazungumza, wanazungumza: hablo, hablas, habla, hablamos, hablan. Kiambishi cha nafsi kimehama tu kutoka mbele kwenda mwisho. Kozi inakufundisha kutanguliza yo kila mara, yo hablo, yo vivo, yo como, kisha masomo kadhaa baadaye inakuambia uache. Usianze kabisa. Hata "nakuona" ni te veo, na "ku" yetu iko palepale kabla ya kitenzi. Kivumishi kinafuata nomino: casa blanca, nyumba nyeupe. Somo zima limetumika hapo, lipite. Lile la tengo hambre, tengo sed, tengo sueño nalo linatolewa kwa maonyo mengi kana kwamba ni maajabu ya dunia. Ni nina njaa, nina kiu, nina usingizi, neno kwa neno.

Jinsia ya nomino nayo isikutishe. Mtu aliyezoea kusema vitabu vyekundu na miti mirefu hashindwi na los libros rojos. Upatanisho tunao damuni, na hapa makundi ni mawili tu. Ila kozi inasema "o ni kiume, a ni kike" na kuishia hapo, wakati la mano, la foto, el día, el mapa na el problema vinakusubiri mlangoni (el hutangulia nomino ya kiume, la hutangulia ya kike). Maneno yanayoishia na -ción na -dad ni ya kike. Mengi yanayoishia na -ma yenye asili ya Kigiriki ni ya kiume. Kata manila vipande vya ukubwa wa kadi ya kura, andika nomino pamoja na el au la yake kwa wino wa rangi mbili, bluu kwa kiume na nyekundu kwa kike, wala usiandike nomino peke yake hata mara moja. Atakayekariri mano bila la atakuwa na kazi ya kujifunza mara mbili.

Tunakokosea kweli ni él, yeye wa kiume, na ella, yeye wa kike. Yeye yetu ni ya wote, kwa hiyo mdomo unamwita dada él bila hata kufikiri. Na el, la, un, una hatuna kwetu, tunaziruka. Kozi haina mazoezi ya kutosha kwa yote mawili. Tunga yako: chukua picha za ndugu kwenye simu, moja baada ya nyingine, sema sentensi mbili kwa kila mtu. Ella es mi tía. Él vive en Kasulu.

Ser na estar, vile vitenzi viwili vya "kuwa", vinaelezwa kwa kanuni ya kudumu na kupita: cha kudumu ni ser, cha kupita ni estar. Kanuni hiyo inavunjika kwa aliyekufa, maana ni está muerto, na hakuna kinachodumu kuliko hicho. Jaribu hivi badala yake. Pale Kiswahili kinaposema "ni", anza na es: es profesor, ni mwalimu. Pale kinaposema yuko, iko, kiko, weka está: está en casa, yuko nyumbani. Na pale kinapotumia -me- ya hali, amechoka, ameketi, amekufa, kimefungwa, weka está tena: está cansado, está sentado, está muerto, está cerrado. Mwanya upo. Mgonjwa ni está enfermo ingawa sisi husema "ni mgonjwa", na mahali pa tukio hutumia ser: la fiesta es en Ujiji. Lakini utapata sentensi nyingi zaidi kwa njia hii kuliko kwa ile ya kitabuni.

Saa ndipo wengi wanapochapwa. Son las tres ya mchana ni saa tisa, es la una ni saa saba. Ongeza au toa sita kabla ya kufungua mdomo, na kila zoezi la saa lifanye kwa kuangalia saa ya mshale, mkono ukiwa kwenye tarakimu yenyewe. Namba zenyewe ni rahisi, treinta y uno ni thelathini na moja kwa mpangilio uleule, isipokuwa kuanzia 16 hadi 29 zinaandikwa kwa neno moja: dieciséis, veintidós.

Upande wa utamaduni, kozi inafanya vizuri kuliko nilivyotarajia kwenye mambo madogo ya kila siku. Inaeleza kwamba mtu ana majina mawili ya ukoo, la baba kisha la mama: García Márquez ni García kwa baba na Márquez kwa mama, kwa hiyo ukimwita Márquez peke yake umelidondosha la baba. Inaeleza tú na usted, yaani "wewe" ya kawaida na "wewe" ya heshima. Shikamoo haipo, heshima inabebwa na usted pamoja na don au doña mbele ya jina la kwanza. Ukiwa na shaka kwa mtu mzima, anza na usted. Inaeleza pia kwamba Hispania chakula kikuu huliwa saa nane au tisa mchana na cha usiku saa tatu au zaidi. Na tortilla: Meksiko ni mkate bapa wa mahindi yaliyochemshwa na chokaa, Hispania ni mayai na viazi kwenye kikaango. Hii ya pili mtu yeyote wa Mwanga ataitambua, ni binamu wa chipsi mayai.

Inapopwaya ni upana. Nchi ambazo Kihispania ni lugha rasmi ni 20, ukiacha Puerto Rico, na humu ni Meksiko na Hispania tu zinazozungumza. Guinea ya Ikweta, iliyopata uhuru kutoka kwa Hispania tarehe 12 Oktoba 1968, haitajwi hata kwenye ramani, wakati ndiyo jirani yetu wa Afrika katika lugha hii. Kuba inapewa muziki na magari ya zamani. Darasa la moja kwa moja likifika huko, una la kuchangia: Aprili 1965 mwanamapinduzi Che Guevara alivuka Ziwa Tanganyika kutoka Kigoma hapahapa na kikosi cha Wakuba kuingia Kongo, na majina yao ya vitani yalianza na tarakimu za Kiswahili. Yeye alikuwa Tatu. Mwalimu atakupa muda mrefu wa kuongea, na muda wa kuongea ndicho kitu adimu kuliko vyote kwenye kozi hii.

Darasa hilo ni saa moja jioni ya Madrid. Kwetu ni saa tatu usiku wakati wa majira yao ya baridi, na saa mbili usiku kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Programu haikukumbushi, andika mwenyewe. Video zinakula bando, lakini sehemu ya sauti pekee inapakuliwa kando na haizidi MB 1 kwa dakika, na kwa kusikiliza inatosha. Pakua usiku, sikiliza mchana bila intaneti. Malipo ni kwa kadi na yanajirudia kila mwezi yenyewe, kwa hiyo tumia kadi ya kidijitali ya kwenye pesa za simu na uweke kiasi cha mwezi mmoja tu.

Mwishoni unapewa cheti cha kozi. Kibandike ukutani ukipenda, ila anayehitaji karatasi ya kuombea masomo au kazi ya kuongoza watalii wa Gombe na Mahale aulizie DELE, cheti cha mtihani wa Kihispania kinachotolewa na Instituto Cervantes, taasisi ya Hispania ya lugha hiyo, ambacho hakina ukomo. Kwa A1, kusoma na kuandika ni kundi moja la alama 50, kusikiliza na kuzungumza ni kundi jingine la 50, na unatakiwa angalau 30 kila upande. Cha huku hakifidii cha kule. Kozi hii itakuvusha kundi la kwanza bila taabu. La pili, rudi kwenye pero, perro na pelo.