Uchambuzi wa Vulture: injini ya Rolls-Royce iliyopelekwa vitani haijaiva

Watazamaji wangu, karibuni. Leo tunaifungua Vulture, injini ya ndege za kivita iliyotengenezwa na Rolls-Royce. Tazameni mchoro huu kwa mbele: silinda 24, zimepangwa kama herufi X. Chukua V12 mbili, yaani injini za silinda 12 zilizopangwa kama herufi V, moja isimame, nyingine uipindue chini yake, halafu zote zizungushe krankishafti moja, yaani mhimili mkuu wa injini. Ujazo wake ni lita 42, na ilikusudiwa kutoa karibu nguvu za farasi 1,800.

Sasa njooni hapa katikati, ndipo penye ugonjwa. Kila kiwiko cha krankishafti kimebeba konrodi nne, vile vyuma vinavyounganisha pistoni na krankishafti. Nne! Kwenye V12 ya kawaida ni mbili. Oili haikutosha kwenye beringi za konrodi, beringi zikasagika, bolti zikakatika. Fundi wa gari anajua kitakachofuata: injini inanoki. Dereva ataegesha pembeni. Rubani ataegesha wapi?

Katika Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilizifunga mbili mbili kwenye Avro Manchester, ndege ya kudondosha mabomu, na Skwadroni ya 207 ya jeshi lake la anga ikaanza kuipokea Novemba 1940. Rolls-Royce wenyewe walikuwa wameelemewa na Merlin, injini ya ndege za kivita za Spitfire na Hurricane, kwa hiyo Vulture ilikosa muda wa kutibiwa. Wakaipunguza nguvu ili isivunjike. Basi ikawa injini moja ikizima, ile nyingine haiwezi kuishikilia ndege juu.

Wazo la X naliheshimu, nalipa saba kati ya kumi. Kutegemeka naipa mbili, na hizo mbili nimezitoa kwa shida.

Na hili ndilo linaloniumiza. Mhandisi Roy Chadwick wa Avro aliiondoa Vulture, akarefusha mabawa, akafunga Merlin nne. Ndege hiyo, iliyokuja kuitwa Lancaster, iliruka mara ya kwanza tarehe 9 Januari 1941. Dawa ilikuwepo. Lakini usiku wa Mei 30, 1942, rubani Leslie Manser bado alikwenda kushambulia mji wa Cologne, Ujerumani, kwa ndege ya Manchester. Ikapigwa kutoka ardhini, injini ya kushoto ikawaka, ndege ikazidi kushuka. Aliishikilia usukani mpaka wenzake wakaruka na miavuli, yeye akaanguka nayo Ubelgiji. Alitunukiwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu ya ushujaa ya Uingereza, baada ya kufa. Alikuwa na miaka 20.