Unga wa majani ya mstafeli "unaoua kansa": chai poa, dawa hapana

Nyota mbili kati ya tano, na zote mbili ni za ladha na kopo, tuelewane mapema kabla hamjaanza kunishambulia. Nimenunua hapa Mombasa, duka silitaji, 1,200 kwa gramu 200. Shangazi ndiye aliyeagiza maana yuko kwenye matibabu ya kansa ya titi na kuna mtu kamtumia ile meseji inayozunguka WhatsApp miaka nenda miaka rudi, ati stafeli ina nguvu mara 10,000 kuliko kemo.

Mazuri kwanza. Unga umesagwa laini, hauna mchanga wala uvundo, ukiuchemsha na mchaichai na tangawizi chai inatoka ya maana kabisa. Boda alileta siku hiyo hiyo.

Sasa lebo. "Huua seli za kansa pekee, haigusi seli zenye afya." Jamani mimi kazi yangu ni ya maabara, hii siwezi kuipita hivi hivi. Hiyo mara 10,000 ina mzizi wake, ni utafiti wa miaka ya tisini wa seli za kansa ya utumbo kwenye kisahani cha maabara, si mgonjwa. Mstafeli una kemikali zinaitwa asetojenini, mojawapo anonasini, zinaingia kwenye mitokondria zinaziba ule mtambo wa kutengeneza nishati, seli inaishiwa nguvu inakufa. Kufa inakufa kweli, ila mitokondria ziko hadi kwenye ubongo wako, na panya waliopewa anonasini seli zao za ubongo ziliharibika, na kule Guadeloupe kwenye visiwa vya Karibi kuna wagonjwa wengi wa kutetemeka na kukakamaa kama Parkinson ambao dawa za kawaida haziwasaidii, watafiti wakahusisha na kula stafeli na kunywa majani yake. Kwenye kisahani hata jiki inaua kansa.

Na msiseme nadharau miti shamba. Hapo Shimba Hills, Kwale, miaka ya sabini Wamarekani wa taasisi yao ya taifa ya kansa walikusanyiwa matani ya mti unaoitwa kitaalamu Maytenus buchananii, kwa sababu mwanakemia Kupchan na wenzake mwaka 1972 walishatangaza kemikali inaitwa maitansini kutoka mti wa jamii hiyo hiyo wa Ethiopia. Maitansini ni kali ajabu, inavuruga zile nyuzi ambazo seli inazitumia kujigawa, seli inakwama katikati halafu inajiua yenyewe. Wakaijaribu kwa watu, ikawatesa, ikawekwa kando. Ndugu yake, kemikali iliyotengenezwa maabara kutokana na hiyo maitansini, akaja kuwa dawa Marekani 2013, tena baada ya kufungwa kwenye kingamwili inayozitafuta seli zenye HER2 nyingi, yaani protini fulani ya juu ya seli, ndiyo Kadcyla, ya kansa ya titi ya aina hiyo. Zaidi ya miaka 40 watu wanahangaika sumu ifike kwa seli inayostahili na si kwa jirani yake, halafu kopo langu linasema kijiko kimoja cha kulia kutwa mara tatu!

Kijiko chenye anonasini kiasi gani? Hakuna. Namba ya toleo? Hakuna. Vinkristini, dawa ya kemo ambayo asili yake ni yale maua ya Madagaska ya pinki watu wanayapanda uani, kwa kawaida daktari havuki miligramu 2 kwa mara moja na kabla ya hapo mgonjwa kapimwa urefu na uzito.

Kilichoniudhi zaidi ni muuzaji. Nimempigia kuuliza kama unga unagongana na dawa za hospitali, akanijibu bila hata kufikiria kwamba shangazi aache kemo kwanza "ili unga ufanye kazi vizuri." Huyo hajui hata ni kansa gani! Nyota ya tatu ikaondoka hapo hapo.

Shangazi alienda na kopo lake kliniki, mfamasia akalisoma pande zote akamwambia asiliguse akiwa kwenye kemo, na kitu chochote kingine anachokunywa akiseme. Wewe mzima unayetaka chai tu, mchaichai sokoni ni bei ya bure. Kopo langu limebaki zaidi ya nusu na hela hawarudishi, nimeuliza.