Pikapu ya kila siku inayoingia porini: nini ununue kwanza, nini kisubiri

Pikapu yangu hunipeleka kazini siku tano kwa wiki. Mara moja au mbili kwa mwezi huingia kwenye mawe, tope na mchanga. Nikihesabu kilomita za mwaka mzima, nyingi mno ni za lami, na nadhani wengi wanaosoma hapa wako hivyo hivyo. Kwa hiyo upangaji huu ni wa gari linalotakiwa kusimama vizuri kwenye mvua Jumatatu asubuhi, si la mashindano.

Kifaa cha kwanza nilichonunua kilikuwa seti ya kuinua gari: springi mpya, shokapu mpya, sentimita tano juu. Gari lilipendeza. Miezi minane baadaye nikafunga bampa la chuma na winchi, ile mashine ya kujivuta kwa kamba, pua ikarudi chini karibu ilipokuwa mwanzo, nami nikanunua springi za mbele mara ya pili. Zile za kwanza hazikuwa mbovu. Zilichaguliwa kwa uzito wa gari jepesi, na gari hilo halikuwepo tena.

Tangu hapo naanza na karatasi. Andika kila kitu kitakachokaa garini muda wote, pamoja na kilo zake. Bampa la chuma la mbele mara nyingi ni kilo 50 hadi 70. Winchi na kamba yake, 30 hadi 40. Reli mbili za pembeni, za kukinga gari chini ya milango, zaweza kufika 50. Pikapu nyingi za daraja la tani moja zinaruhusiwa kubeba takribani kilo 1,000, na hizo ni pamoja na dereva, abiria, mizigo na kila chuma ulichoongeza. Ukifunga kilo 200 za vifaa na kupakia watu watano wazima, nusu ya nafasi hiyo imekwisha kabla hujaweka mfuko mmoja nyuma. Na springi ngumu peke yake haiongezi uzito ulioidhinishwa: ekseli, breki na chasisi ni zile zile.

Karatasi ikiwa tayari, huu ndio mpangilio wangu.

La kwanza: matairi, na kompresa ya kujazia upepo kabla ya matairi makubwa

Hakuna fedha utakayotumia ikabadilisha gari kwa kiasi hiki. Kwa pikapu ya kila siku nayapanga hivi.

Nafasi ya kwanza ni A/T, tairi la njia zote, katika saizi iliyokuja na gari au hatua moja juu yake. Hushika changarawe na mawe vizuri, huvumilia tope jepesi, na kwenye lami iliyolowa bado unaliamini. Nafasi ya pili ni H/T, tairi la barabarani. Najua wengine watashangaa. Lakini kama njia zako mbovu ni barabara kavu za vumbi, H/T nzuri pamoja na kompresa itakufikisha, itakuwa tulivu na haitakula mafuta. Ya tatu ni zile za katikati, zenye meno makubwa kuliko A/T na ubavu mnene. Zinamfaa anayekutana na mawe makali kila wiki. M/T, la tope, naliweka mwisho kwa gari la kila siku. Nafasi pana kati ya meno yake ndizo zinazotema tope, na hizo hizo ndizo zinazopunguza raba inayogusa lami. Kwenye mvua linachelewa kusimama, na kadiri linavyoisha ndivyo linavyonguruma.

Ukishachagua aina, soma ubavu wa tairi. Herufi LT zinaonyesha tairi la gari la mizigo, lenye mwili imara kuliko tairi la gari dogo, halafu kuna daraja la uzito: C, D au E. Porini pancha inayouma ni ya ubavuni, kwa sababu haizibiki kwa usalama, hivyo LT ina thamani yake. Ila E kwenye pikapu isiyo na mzigo huruka kama mpira, na ni nzito. Kama saizi yako inapatikana katika C au D na hubebi mizigo mizito, chukua hiyo. Kumbuka pia kwamba LT huhitaji upepo zaidi ya tairi la gari dogo ili kubeba uzito ule ule. Namba ya kiwandani iliyobandikwa mlangoni haitoshi tena.

Hesabu ya saizi inafaa kufanywa kwa mkono walau mara moja. Tairi la 265/70R17 lina upana wa milimita 265, ubavu ambao ni asilimia 70 ya upana huo, na rimu ya inchi 17. Kimo chake chote ni takribani milimita 803. Ukienda 285/70R17 unapata milimita 831. Gari limeinuka kiasi gani? Milimita 14 tu, kwa sababu nusu ya ongezeko iko juu ya ekseli. Kwa milimita hizo 14 umeongeza uzito wa kila gurudumu, gia zimekuwa ndefu kwa asilimia 3.5 (gari husonga mbali zaidi kwa kila mzunguko wa gurudumu), na kipima mwendo kinasoma pungufu kwa kiasi hicho hicho: kama kilikuwa sahihi mwanzoni, kikionyesha 100 unakwenda zaidi ya 103. Kuna magari yanayolipokea badiliko hilo bila shida. Mengine tairi litasugua plastiki za ndani usukani ukikatwa hadi mwisho. Jaribu tairi moja kabla ya kulipia matano.

Ndiyo, matano. Tairi la akiba lenye kimo tofauti, ukilifunga huku gari liko kwenye magurudumu manne, hulazimisha difu (gia za kwenye ekseli) na ile gia ndogo ya magurudumu manne kuzunguka kwa mwendo usiolingana. Hakikisha pia kwamba saizi mpya inaingia pale chini ya bodi ambapo la akiba hukaa. Na usiondoke bila kusoma tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi jipya lililokaa stoo miaka mingi si jipya.

Sasa kompresa. Ukishusha upepo kutoka PSI 35 hadi 20 au hivi kwenye changarawe mbaya na mawe, na hadi 16 au 18 kwenye mchanga laini, tairi hulala, hurefusha eneo la kukanyaga, na gari linapita lilipokwama. Unapunguza mwendo, unaepuka kukata kona kwa ghafla, na unajaza tena kabla ya kurudi lamini. Nimeona magari ya kiwandani yenye matairi ya kawaida yakipita mchangani kwa kushusha upepo tu, na magari yaliyoinuliwa yakachimba mashimo kwa sababu dereva hakuwa na njia ya kujaza upepo tena.

La pili: kulabu za kuvutia na mabamba ya chini

Kabla ya chuma chochote cha urembo, gari liwe na sehemu ya kuvutwa, mbele na nyuma, iliyofungwa kwenye chasisi na kuandikwa uzito inaoumudu. Pete nyembamba ya kiwandani mara nyingi ni ya kulifunga gari lisisogee likisafirishwa, haikuundwa kwa mshtuko wa kunasua gari lililozama. Na lile tufe la kuvutia trela lisitumike kamwe: likikatika huruka kama risasi, na watu wamekufa kwa namna hiyo.

Mabamba ya chini yafuate mpangilio wa hasara: kwanza chini ya injini, kisha gia boksi na ile gia ndogo ya magurudumu manne, kisha tangi la mafuta. Kile kibati chembamba au plastiki ya kiwandani huzuia matope, haizuii jiwe. Chuma au alumini? Mita moja ya mraba ya chuma cha milimita 3 ina karibu kilo 24. Alumini ya milimita 5 ina karibu kilo 14. Alumini haishiki kutu na inakuokolea uzito. Lakini ukikalia mwamba, chuma huteleza, na alumini huchimbika na kung'ang'ania jiwe. Kwa matumizi ya kila siku nachagua alumini isipokuwa kwa mtu wa miamba kweli kweli. Huyo achukue chuma bila kusita.

Unaponunua, angalia mambo mawili ambayo matangazo huyaruka. Kuna tundu la kumwagia oili bila kufungua bamba zima? Na je, bamba linafunguka kirahisi ili kusafishwa? Nyasi kavu hujikusanya juu ya mabamba, karibu na bomba la moshi na chujio lake ambavyo huwa vya moto sana, na magari yameungua kwa sababu hiyo. Ukipita kwenye nyasi ndefu, simama, chungulia chini, ondoa nyasi kwa mkono.

Reli za pembeni ziwe za kufungwa kwenye chasisi. Ngazi za kukanyagia zinafanana nazo kwa mbali, lakini zikikalia jiwe hujikunja na kuusukuma mlango. Jaribio langu ni rahisi: muulize muuzaji kama gari linaweza kuinuliwa kwa jeki kupitia reli hiyo. Akisita, hiyo ni ngazi.

La tatu: shokapu, halafu springi

Hapa ndipo karatasi ya kilo inapofanya kazi. Wengi hununua kimo wakati walichokihitaji ni shokapu nzuri.

Shokapu hugeuza mtikisiko kuwa joto. Kwenye barabara ya changarawe yenye mawimbi madogo madogo, pistoni hupanda na kushuka bila kupumzika, oili hupata moto, hutoa povu, na baada ya dakika kadhaa gari huanza kuelea. Shokapu ya silinda moja yenye gesi ya naitrojeni hupoza joto haraka kwa sababu silinda inayofanya kazi ndiyo hiyo hiyo inayopigwa na upepo wa nje. Udhaifu wake uko hapo hapo: jiwe likibonyeza ganda, pistoni inakwama. Ya silinda mbili huvumilia kubonyezwa kwa sababu silinda ya kazi iko ndani ya nyingine. Kwa lami na vumbi, silinda moja ni chaguo langu la kwanza. Kwa njia za mawe yanayoruka, silinda mbili zenye mwili mnene. Zile zenye chupa ya pembeni na vifundo vya kurekebisha ni nzuri kweli, ila zinataka kufunguliwa na kukarabatiwa mara kwa mara, na gari la kila siku halina nafasi ya kulala gereji.

Springi za mbele chagua kwa uzito wa bampa na winchi ulivyoviandika. Za nyuma, zile za mabapa yaliyopangana tabaka, chagua kwa mzigo unaokaa siku zote, si ule wa mara mbili kwa mwaka. Springi iliyoundwa kwa mzigo wa kilo 300, ikiwa chini ya bodi tupu, huifanya nyuma irukeruke, na gurudumu lililo hewani halishiki breki wala kona. Kwa mzigo wa mara chache, wengine hufunga mifuko ya hewa ya kusaidia springi. Ni sawa kwa kiasi, lakini mfuko hukusanya uzito sehemu moja ya chasisi, na pikapu zilizojazwa kupita kiasi zimepinda papo hapo.

Kimo: milimita 40 hadi 50, basi. Kupita hapo, kwenye pikapu yenye saspensheni huru mbele (kila gurudumu hupanda na kushuka peke yake), sivi jointi, viungo vinavyopeleka nguvu kwenye magurudumu, hufanya kazi zikiwa zimepinda, mikono ya juu ya kiwandani inayoshikilia gurudumu haitoshi tena kurudisha alaimenti, yaani pembe sahihi za magurudumu, na unajikuta ukinunua kifaa cha kutibu kifaa. Vipande vya kuwekwa juu ya shokapu ili gari liinuke kwa bei rahisi naviweka mwisho kabisa. Havifanyi springi wala shokapu kuwa bora. Husukuma kila kitu chini, na gurudumu likining'inia boljointi, kiungo cha mkono na gurudumu, hufika pembe ambayo haikukusudiwa.

Baada ya kuinua, alaimenti ni lazima. Kama gari lako lina kamera au rada ya kujifungia breki, isawazishwe upya. Pikapu nyingi zina pia valvu ya breki za nyuma inayopima mzigo kwa kutazama ekseli imeshuka kiasi gani kutoka kwenye bodi; ukiinua gari bila kuirekebisha, inadhani huna mzigo na kupunguza nguvu ya breki za nyuma.

Mwisho: bampa na winchi

Nayaweka mwisho kununuliwa, ingawa yalikuwa ya kwanza kuandikwa kwenye karatasi. Ukisafiri peke yako mbali na watu, winchi inastahili kilo zake. Ukitembea na magari mengine, kamba nzuri ya kuvutia na mabamba ya kuwekea chini ya tairi yatakutoa mara nyingi zaidi. Bampa liwe lililoundwa kwa ajili ya gari lako hasa, lisivuruge vihisi vya mifuko ya usalama, na kabla ya kulifunga soma sheria za unakoliendesha gari.

Siku ya ufundi simama karibu. Bushi za raba zikazwe gari likiwa limekanyaga chini kwa uzito wake, si likining'inia kwenye jeki, la sivyo zitajisokota na kuchanika mapema. Na baada ya kilomita 500 rudi zikazwe tena zile bolti za umbo la U zinazoshika ekseli ya nyuma. Springi mpya zikishakaa mahali pake, bolti hizo huwa zimelegea.