Feri ya L'Isle-aux-Coudres: nauli hakuna, mteremko upo

Tuanze na nauli: hakuna. Kwenda hulipi, kurudi hulipi, gari halilipiwi wala baiskeli. Usihangaike kutafuta kibanda cha tiketi. Ni kivuko cha shirika la serikali ya Québec, na kwa watu wa kisiwa cha L'Isle-aux-Coudres ni barabara yao, basi tu hii inaelea.

Kwa wasiojua: tuko Charlevoix, mashariki ya jiji la Québec, Kanada. Unashika barabara ya 138, kilomita kama 95 hadi Baie-Saint-Paul, kisha ya 362 inayopanda na kushuka juu ya mto Saint-Laurent hadi Les Éboulements. Hapo unakata kulia kushukia gatini, Saint-Joseph-de-la-Rive. Tia gia ndogo mapema. Ukitegemea breki peke yake utazinusa kabla hujafika chini.

Milima hii ina kisa. Zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita jiwe kutoka angani liliangukia hapa, likachimba shimo la upana wa kilomita 54 hivi. Ardhi ya katikati ikajibu kwa kuinuka, ndiyo Mont des Éboulements unaouona nyuma yako ukiwa kwenye feri. Sehemu ya shimo imefunikwa na mto. Watu wamejipanga kwenye bonde linalozunguka mlima huo na ukingoni mwa maji, mahali palipo na udongo wa kulima.

Safari yenyewe ni dakika 20 hivi. Vijana wa feri wanakupanga kwa ishara za mikono, kioo cha pembeni cha gari lako kikikaribia kugusa cha jirani, na hakuna anayepayuka. Aliyezoea kivuko cha Kigamboni atauliza wauza karanga wako wapi. Zima injini, toka nje, simama mbele. Maji hapa yana chumvi, yanapanda na kushuka zaidi ya mita 5, na mkondo una nguvu: utaona pua ya chombo imeelekezwa pembeni ya gati, ukadhani nahodha amekosea, kumbe anauacha mkondo umsogeze. Wakati wa baridi hawafungi. Mimi napenda safari ya Februari kuliko ya Julai, kwa ajili ya zile sauti za barafu ikikwaruza ubavu wa feri. Mume wangu hapendi hata kidogo, anabaki ndani ya gari.

Ukitaka kuijua wilaya hii (wenyewe wanaiita MRC), panda feri ya asubuhi siku ya kazi. Kisiwani wanaishi watu kama 1,100. MRC nzima ya Charlevoix ina takriban 13,000, na zaidi ya nusu yao wako Baie-Saint-Paul, ndiko iliko hospitali. Kwa hiyo asubuhi unakaa na wazee wanaokwenda kwa daktari, mafundi wenye ngazi juu ya gari, na mtu aliyefuata kipuri. Nyuma ya milima kuna Lac-Pikauba, eneo linalochukua zaidi ya nusu ya ardhi yote ya MRC, na humo karibu hakai mtu. Ukigawanya watu kwa ardhi hupati hata wanne kwa kilomita ya mraba. Feri ya bure mahali kama hapo siihesabu kuwa anasa.

Kifaransa ni lazima, au angalau ujasiri wa kukijaribu. Karibu kila mtu hapa ni lugha yake ya kwanza. Salimia kwanza, ndipo uulize. Bibi mmoja alinisikiliza, akaniuliza mimi ni mtoto wa nani. Nikamtajia baba. Akafikiri kwa dhati kabisa, kisha akasema hapana, ukoo huo haujui. Jina la ukoo la Tremblay hapa wanalo wengi mno, kwa hiyo swali lake halikuwa la utani. Bila kumtaja baba, utamjuaje Tremblay yupi?

Kisiwani barabara ya kuzunguka ni kama kilomita 23, tambarare kiasi cha kutosha kwa baiskeli. Nendeni kwenye vinu: cha maji cha mwaka 1825 na cha upepo cha 1836, vimesimama pamoja na bado vinasaga. Nunueni unga. Pia kuna pâté croche, andazi la nyama lenye umbo la nusu mwezi, kingo zake zimefinywa kwa vidole. Kawaida ni nyama ya nguruwe, kwa hiyo Waislamu waulize kwanza. Kaleni likiwa la moto. Mkahawa mmoja uliniuzia la baridi, na nilipoomba lipashwe nikaambiwa jiko limeshazimwa, saa nane mchana. Siutaji jina.

Upungufu? Jumamosi za Julai na Agosti foleni inapanda hadi barabarani, na anayetangulia ndiye anayepanda. Bila gari, kufika gatini ni kazi. Feri naipa nyota 5. Mteremko naupa 2, na hizo mbili ni za mandhari.