Huduma ya bango la angani: kagua ndoano kabla ya herufi

Kwa kutangaza, huduma hii ya ndege ndogo kuvuta bango la maneno nyuma yake inastahili alama za juu. Maneno machache ya herufi nyekundu yakipita polepole juu ya ufuko uliojaa watu, karibu kila aliyepo atayasoma. Kwa usalama, watoa huduma wanatofautiana mno, na tofauti hiyo haionekani kwenye picha wanazomtumia mteja. Iko kwenye ndoano, kamba, kifaa cha kuachia bango likiwa angani, na jinsi rubani anavyoliokota bango.

Wengi hudhani ndege hupaa na bango lake. Kwa kawaida sivyo. Bango hulazwa chini likiwa limenyooshwa, na kamba yake ya mbele hufanywa kitanzi kinachotundikwa juu ya nguzo mbili. Ndege hupaa peke yake, rubani huiachia ndoano ining'inie kwa kamba nyuma ya mkia, kisha hushuka kuelekea nguzo. Akizifikia huinua pua kwa nguvu ili ndoano inase kitanzi na bango libanduke herufi kwa herufi, lisiburutwe.

Hapo ndipo pa kufia. Pua iko juu, kasi inapungua, na mara uzito wa bango na ukinzani wake kwa hewa vinaingia kwa pamoja. Asiposhusha pua papo hapo huku injini ikiwa kwenye nguvu zote, mabawa huacha kubeba. Akiwa ameanza pia kukata kona, bawa moja hutangulia kuanguka na ndege hujizungusha kuelekea chini, ikiwa futi mia mbili au tatu tu kutoka ardhini. Kimo hicho hakitoshi kuiokoa. Rubani mzuri hunyoosha ndege, husubiri kasi irudi, ndipo anapogeuka. Kasi isiporudi, analiachia bango bila kufikiria gharama yake. Mwenye kampuni anayemkata rubani mshahara kwa bango lililoachwa hafai kupewa kazi hata kidogo.

Hatari ya pili ni ndoano au bango kunasa kwenye ndege yenyewe: gurudumu la mkia, au kile kibawa cha nyuma kinachoinua na kushusha pua. Tarehe 6 Mei 2010, huko Northamptonshire, Uingereza, bango la kampeni lilijizungusha kwenye mkia wa ndege aina ya PZL-104 Wilga iliyombeba mwanasiasa Nigel Farage. Ndege ilianguka, yeye na rubani walijeruhiwa lakini wakapona. Kwa hiyo tunataka kuona mtu aliyesimama ardhini mwenye redio, anayeitazama ndoano ndege ikipita na kumthibitishia rubani kuwa inaning'inia huru. Pasipo mtu huyo, tunapunguza alama nyingi.

Kifaa cha kuachia kijaribiwe kila siku kwa kamba iliyovutwa kwa nguvu. Kinaweza kufunguka vizuri kamba ikiwa imelegea, kisha kikakwama kinapobeba mzigo. Mpini wake uwe mahali mkono unapofika bila kutafuta.

Kuhusu ndege, Piper Super Cub yenye nguvu farasi 150 inatosha kwa ujumbe wa kawaida. Tunaipenda zaidi Piper Pawnee, iliyoundwa kunyunyizia dawa mashamba: injini yake kwa kawaida ni kubwa zaidi, chumba cha rubani kiliundwa kwa kufikiria ajali, na ina kiti kimoja. Hilo la kiti kimoja ni sifa, maana kuvuta bango si safari ya kutalii. Tarehe 2 Oktoba 2021 mjini Montreal, Kanada, ndege iliyokuwa ikivuta bango la kuposa ilipata hitilafu ya injini na kuanguka. Abiria alifariki, rubani akajeruhiwa. Ukiahidiwa kupanda ili utazame, kataa.

Injini yenyewe huteseka. Inafanya kazi kwa nguvu kubwa huku ndege ikienda kilomita 80 hadi 95 tu kwa saa, hivyo hewa ya kuipoza ni chache. Joto la silinda na la oili vitazamwe muda wote. Mafuta nayo yapigiwe hesabu kwa saa za kuvuta, si kwa umbali ulioandikwa kwenye kitabu cha ndege. Injini ikizimika, bango huachwa kwanza, kisha pua hushushwa. Ndiyo sababu njia inayopita pembeni ya ufuko, juu ya maji, ni bora kuliko ile inayokatiza juu ya vichwa vya watu.

Marekani, kuvuta bango kunahitaji kibali maalumu cha FAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo, chini ya kanuni ya 91.311. Omba kukiona, na usome masharti yake.

Herufi za futi 5 zinatosha; za futi 7 huonekana mbali zaidi lakini huongeza ukinzani, basi fupisha maneno. Na kabla ya kulipa, uliza nani anaamua kuahirisha upepo ukichafuka. Jibu linalokubalika ni rubani peke yake, nawe usitozwe kwa siku hiyo.